Kushukuru kwa Majina

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Wanawake wa kanisa la Karvela walitenda wema, lakini hawakwenda zao. Walivuta viti wakaketi kuutazama wema wao ukitembea mjini kwa miguu miwili, ukinunua maziwa, ukiolewa, ukinenepa. Jina la wema huo lilikuwa Corinne Lahti.

Corinne alikuwa anakaribia miaka hamsini, muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa kwenye chumba cha chini ya kanisa, amejifunga aproni, anafinya kingo za pasti. Hizo pasti ndizo zilizowashibisha wachimba shaba wa huku tangu enzi za mababu: unga uliosukumwa, katikati nyama, viazi, vitunguu na rutabaga, ile mizizi ya manjano inayovunja visu, kisha unga unakunjwa juu na ukingo unafinywa. Mgodi ulipofungwa wanaume walibaki na hadithi na wanawake walibaki na pasti. Wakazioka wakaziuza kwa wasafiri, na pato likaingia kwenye Mfuko wa Pasti, na Mfuko ukamlipia mtoto mmoja kila mwaka ada ya chuo cha kaunti. Mtoto mmoja tu, na wao ndio waliomchagua.

Miaka thelathini iliyopita mtoto huyo alikuwa Corinne. Aliyechaguliwa alidaiwa kitu kimoja tu: kusimama kwenye chakula cha jioni cha mwezi Mei, mbele ya mji mzima, na kuwashukuru wale wanawake kwa majina, kila mmoja na kazi yake. Fulani aliyesukuma unga, fulani aliyemenya viazi, fulani aliyekata nyama. Corinne alisimama na gauni la kuazima, akawataja wote isipokuwa mmoja. Alimsahau Hilja Sorvala, aliyekuwa akipaka mafuta masinia. Siku ile Hilja alikunja leso yake akaenda nyumbani. Alishakufa zamani, lakini kosa halikuzikwa naye, kwa sababu Hilja alikuwa na dada, na dada huyo alikuwa Elvi Sorvala, mkuu wa Mfuko.

"Hilo sinia lipake vizuri," Bi Elvi alimwambia Corinne Jumamosi moja ya Septemba, kama alivyomwambia Jumamosi nyingine zote. "Lisipopakwa, pasti inang'ang'ania. Hilja alilijua hilo. Ila kazi ya Hilja haikuwa ya kuonekana, au siyo?"

"Ndiyo, Bi Elvi."

"Simaanishi kitu."

"Najua, Bi Elvi."

Masimango ya namna hii hayana dawa. Ukijibu, watasema fadhila ya punda mateke. Ukinyamaza, wanajua yamekuingia, na Jumamosi ijayo wanaongeza. Corinne alikuwa amechagua kunyamaza tangu akiwa msichana, na kunyamaza kulikuwa kumemkaa kifuani mpaka alikuwa akiota anasukumwa kama unga.

Basi mwaka huo kaunti ikatangaza kura. Wenye nyumba na mashamba waulizwe: je, wako radhi kodi yao ipande kidogo, ili kila mtoto anayemaliza sekondari katika kaunti asome chuo cha kaunti bila kulipa ada? Jibu ni Ndiyo au Hapana, siku ileile ya uchaguzi wa Novemba. Huku kwetu mtu hagombani na jirani kwa mdomo. Anachomeka kibao cha Ndiyo au cha Hapana kwenye majani mbele ya nyumba yake, anaacha kibao kigombane, kisha anakwenda kumwazima mashine ya kupuliza theluji huyohuyo jirani mwenye kibao cha upande wa pili. Kufika mwisho wa Septemba majani yote ya Karvela yalikuwa yanabishana.

Nyumba ya Corinne iko njia panda, pale ambapo kila anayekwenda posta au dukani sharti apunguze mwendo. Corinne akachomeka kibao cha Ndiyo. Mji ukashika tama. Huyu ni mtoto wa Mfuko mwenyewe, kila Jumamosi yuko kule chini na wale mabibi, na wale mabibi wote ni Hapana. Ikiwa yeye kathubutu, watu walisema, basi pengine jambo hili lina maana. Wiki ile vibao vya Ndiyo vikaota mtaa mzima.

Alikichomeka kwa ajili ya binti yake. Brenna alikuwa na miaka kumi na minane na alama za moto mikononi. Shuleni walikuwa na karakana, na huko alikuwa amejifunza kuchomelea vyuma mpaka baba yake, Wes, dereva wa greda la theluji la kaunti, alikuwa akimletea bapa la greda likipasuka. Chuo cha kaunti kilikuwa na kozi ya kazi hiyo, na Brenna hakuwa na kingine alichokitaka duniani. Tatizo lilikuwa mshahara wa wazazi wake. Ulikuwa mkubwa kiasi cha kuwanyima msaada wa serikali, na mdogo usiotosha kulipa ada na kubakiza ya kupasha nyumba joto.

"Wakinichagua nitakataa," Brenna alimwambia mama yake jioni moja gereji, kofia ya kuchomelea ameiinua juu ya paji la uso.

"Hawakuchagui. Bi Elvi anasema vyuma si kazi ya mtoto wa kike."

"Afadhali."

"Afadhali nini na wewe, na ada hatuna?"

"Mama, mimi nimekuona. Ukirudi kule Jumamosi huongei mpaka Jumapili mchana. Unamwoshea baba vyombo vyake kwa hasira kama yeye ndiye aliyekutukana." Brenna alivua glavu. "Chuo nakitaka. Ila nataka nikiingie kama ninavyoingia barabarani. Nani anamshukuru baba kwa barabara? Bi Elvi anasafishiwa theluji mlangoni kila asubuhi, na bado anapiga simu ofisini kumsema kwamba kamwachia tuta la theluji."

Corinne akacheka, na hakuwa amecheka siku nyingi. "Anapiga kweli?"

"Muulize baba. Anapiga simu kwa sababu barabara ni yake. Kodi yake imo mle. Na mimi nataka kitu cha hivyo, kitu ambacho nikikipata naweza hata kukilalamikia."

Corinne alimtazama mtoto huyu, akaona kwamba ameongea kile ambacho yeye alikitafuta miaka thelathini bila kukipatia maneno. "Hutasimama pale," akamwambia. "Mimi nilisimama kwa niaba ya ukoo mzima. Nakuahidi, Brenna."

"Unaniahidi?"

"Nimeshasema."

Kazini pia kibao chake kilikuwa kimezaa. Nadine Beaudry, msaidizi wa wauguzi, alikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Emmett ambaye alitaka kusomea umeme. Mume wa Nadine alikuwa na lori la kubebea magogo. Kwenye karatasi ni tajiri, nyumbani ni mtumwa wa lori. Kanisani hawakukanyaga, na Mfuko haukuwajua. Nadine alimkuta Corinne kwenye chumba cha chai akamkalia karibu.

"Shoga, na mimi nimechomeka," akasema. "Mume wangu kanuna. Anasema tutachekwa, sisi hatukuwahi kuweka kibao cha kitu chochote, hata cha kuuza mbwa. Nikamwambia, kama Corinne kaweka na wale mabibi wako naye chumba kimoja kila wiki, wakimtazama na visu mkononi, mimi ninaogopa nini?"

"Usiogope," Corinne akamwambia. "Safari hii tutashinda."

Isidhaniwe kwamba wale mabibi walikuwa wabaya. Ingekuwa rahisi sana. Kule chini ya kanisa, wiki iliyofuata, mazungumzo yalipamba moto, na Bi Elvi aliongea huku akisukuma unga, bila kuinua macho.

"Mimi nina miaka sabini na tisa. Nyumba ile nilijenga na marehemu mume wangu, tulipigilia kila msumari. Pensheni haipandi, kodi inapanda. Nimlipie nani?"

"Kila mtoto, Bi Elvi," Corinne alisema.

"Mtoto wa kila mtu si mtoto wa mtu. Sisi tukimsomesha mtoto tunamjua. Akianguka mtihani tunakwenda kwao kuuliza. Kodi itakwenda kwao kuuliza?" Aligeuza unga, akaupiga. "Halafu wakishasoma wanahamia Milwaukee, na mimi nabaki hapa nalipia Milwaukee."

"Wewe hukuhama," akadakia Bi Lempi Rautio, mmenya viazi, akimgeukia Corinne.

"Hakuhama kwa sababu ana haya," alisema Bi Elvi. "Mtu aliyepewa na watu anaowajua huwa na haya. Aliyepewa na serikali hana."

Yote haya yalikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana yaliuma. Kutoa ni moyo, hilo Corinne hakulikataa. Alichotaka kusema ni kwamba anayepokea naye ana moyo, na wa kwake ulikuwa umechubuka. Badala yake alifinya ukingo wa pasti iliyokuwa mbele yake mpaka nyama ikatokeza, ikabidi aifinye upya.

Katikati ya Oktoba Bi Elvi alibisha mlangoni kwake. Alikuwa amebeba pasti nne za moto ndani ya taulo, na moja haikuwa na vitunguu, kwa sababu alikumbuka kwamba vitunguu vinamchoma Wes tumboni. Alikuwa mtu wa kukumbuka, mazuri na mabaya. Wes alikuwa kazini, Brenna shuleni. Bi Elvi akakaa jikoni, akanywa kahawa, akasifia mapazia.

"Kamati imekaa," akasema.

"Mapema yote hii? Si huwa mnakaa Machi?"

"Mwaka huu tumewahi. Tumemchagua Brenna."

Corinne aliweka birika chini. "Kwa hiyo kozi ya vyuma?"

"Dunia inabadilika. Hatutaki tuonekane watu wa kale." Bi Elvi alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli. "Mama na binti, wote wa Mfuko. Haijawahi kutokea. Hilja angefurahi."

Waliongea habari nyingine, nani kalazwa, nani kauza shamba. Mlangoni, akivaa buti, Bi Elvi aligeuka. "Kile kibao chako, Corinne. Nikikata kona pale sioni magari yanayokuja. Macho yangu si yale ya zamani. Fikiria tu."

Hakusema ukiking'oa. Hakusema usipoking'oa. Alimpapasa shavu kama alivyompapasa akiwa msichana, akateremka ngazi polepole ameshika reli, mkongwe wa watu, na Corinne alisimama dirishani akimtazama asije akateleza.

Siku mbili Corinne alipiga hesabu ileile. Kura ikishindwa na Mfuko akiwa ameukataa, Brenna hana kitu. Kura ikishinda, Brenna anasoma bure hata Mfuko ukimchagua mara kumi, na hapo utakataliwa kwa adabu. Kibao ni plastiki tu. Kura ni siri, na kura yake itabaki Ndiyo. Kwa hiyo kibao king'oke, moyo ubaki, na hakuna aliyeumia. Ilikuwa hesabu ya mtu mwoga, na hesabu ya mwoga haikosi kutoka sawasawa. Mshika mbili moja humponyoka, lakini nani hulikumbuka hilo wakati mikono yote miwili imejaa?

Theluji ya kwanza ilianguka Jumatano. Alfajiri Corinne alitoka na koti juu ya nguo za kulalia, akaking'oa kibao, akakisukumia nyuma ya kuni gereji. Kazini Nadine alimuuliza kiko wapi.

"Greda limekigonga," Corinne akajibu.

Huo ndio uongo ambao mtu wa Karvela tu angeweza kuutunga, na mtu wa Karvela tu angeweza kuukamata papo hapo. Greda la njia panda ile alikuwa akiliendesha Wes. Na Wes Lahti, kila mtu anajua, hajawahi kugusa hata sanduku la barua la mtu, usiku wala mchana, kwenye tufani ya kupofusha macho. Ni jambo analojivunia kuliko ndoa yake. Mchana huohuo dukani wakamwuliza kwa utani kama amezeeka.

"Umewaambia watu nimegonga kibao?" alimwuliza mkewe alipoingia. Hakuvua hata kofia.

"Nilikosa la kusema."

"Ungesema umekitoa. Mtu akitoa kibao chake ni chake. Lakini mimi umenitoa kafara."

Brenna alikuwa mezani. Alimtazama mama yake, akamtazama baba yake, akainuka akaenda gereji, na baada ya muda wakasikia kuni zikisogezwa. Hakurudi na kibao. Alirudi akapanda chumbani kwake bila kula.

Mji hauhitaji kuelezwa mara mbili. Kama greda halikukigonga, basi Corinne kaking'oa, na kama Corinne kaking'oa, kuna kitu anakijua. Labda kodi ni kubwa kuliko walivyoambiwa. Labda mabibi wamemfumbua macho. Wa kwanza kumfuata kung'oa chake alikuwa jirani wa kushoto, ambaye alisema anataka kukusanya majani kabla hayajaganda. Kisha wa ng'ambo ya barabara. Vikaondoka kimoja kimoja, kila kimoja na kisingizio chake cha hali ya hewa, na vile vya Hapana vikabaki vimesimama kwenye theluji. Cha Nadine kilibaki. Kilikuwa mwisho wa barabara ya magogo, ambako hakuna anayepita.

Siku ya kura Corinne aliingia ukumbi wa zimamoto, akasalimiana na watu, akaenda nyuma ya kile kipazia, akaweka alama penye Ndiyo. Alikandamiza kalamu mpaka karatasi nusura itoboke, kana kwamba wino mwingi ungehesabiwa mara mbili. Alipotoka alipewa kile kibandiko kidogo cha kubandika kifuani, kwamba mtu kapiga kura. Alikitia mfukoni.

Jioni matokeo yalisomwa palepale ukumbini, wanaume wengi wakiwa wameshaanza kuzungumza habari za msimu wa kuwinda kulungu. Hapana ilishinda kwa kura ambazo zisingejaza basi moja la shule. Hapakuwa na shangwe. Bi Elvi alisema tu, "Haya, basi tuendelee na kazi," akawauliza wenzake nani ataleta rutabaga Jumamosi.

Nyumbani Brenna alikuwa amekaa kwenye ngazi.

"Ulipiga ipi?" akauliza.

"Ndiyo. Naapa kwa Mungu, mwanangu, Ndiyo."

"Nani aliiona?"

Brenna hakungoja jibu, akapanda chumbani kwake. Na Nadine naye, kesho yake, hakupiga kelele. Walikuwa wanamgeuza mzee mmoja kitandani, mmoja huku mwingine kule, na aliongea kwa sauti ya chini ili mzee asiamke.

"Nasikia Brenna kapata Mfuko."

"Nadine."

"Hongera. Shika shuka." Walivuta shuka pamoja. "Mimi nilikiweka kile kibao kwa sababu wewe ulikuwa nacho. Ungeniambia, 'Mwenzangu, mimi leo nakitoa.' Ningekuelewa. Mtoto ni mtoto. Lakini ulikaa pale ukaninywesha chai na greda."

"Nilidhani tutashinda hata hivyo."

"Ndiyo. Kila mtu alidhani wengine watatosha." Nadine alinyoosha mto. "Emmett amekwenda kuonana na watu wa jeshi. Wao wanasomesha bure, eti. Hao hakuna anayewapigia kura ya hapana."

Hakumwita shoga tena tangu siku ile.

Majira ya baridi huku ni marefu hata kwa wanaopendana. Brenna hakumnunia mama yake. Alimjibu alipoulizwa, akapika zamu yake, akasema asubuhi njema. Ilikuwa adabu tupu, na Corinne angependelea matusi. Mara moja tu, Machi, barua ya chuo ilipofika, alijaribu kumwambia binti yake kwamba anaweza kukataa, kwamba watatafuta mkopo, kwamba ahadi bado ni ahadi.

"Mkopo wa nini? Umeshanilipia," Brenna akasema. "Chuo ni chuo, mama. Nitasimama."

"Nikusaidie kuandika?"

"Sihitaji. Kazi zenu nazijua. Nimekua chini ya ile meza."

Chakula cha Mei kilijaza ukumbi wa kanisa. Pasti kwenye masinia, kabichi iliyochachuliwa, kahawa ya kuamsha wafu. Wes alivaa tai. Mabibi walikaa meza ya mbele, aproni safi, mikono imekunjwa, na Corinne alikaa mwisho wa meza hiyohiyo, maana naye alikuwa mmoja wao, Jumamosi baada ya Jumamosi, hakuna aliyefinya kingo nyingi kuliko yeye. Brenna aliitwa. Alikuja na suruali ya kazi iliyofuliwa na kupigwa pasi, na nywele amezifunga nyuma. Hakuwa na karatasi.

"Namshukuru Bi Elvi Sorvala, aliyesukuma unga," alianza. Sauti ilikuwa safi, bila mtetemo. "Namshukuru Bi Lempi Rautio, aliyemenya viazi hata mwaka ule alipovunjika kifundo." Bi Lempi akacheka kwa furaha. Akaendelea hivyo, mezani kutoka kushoto kwenda kulia, aliyekata nyama, aliyesimamia oveni, aliyefunga kwa taulo, aliyesimama barabarani na kengele, kila mmoja kwa jina lake na kazi yake, na kila mmoja alipotajwa alijiweka sawa kitini kana kwamba anapigwa picha. Corinne alisikiliza jinsi mtoto wake alivyolijua vizuri jambo ambalo aliahidiwa hatalifanya.

Kisha Brenna akamgeukia Bi Elvi. "Na namshukuru marehemu Bi Hilja Sorvala," akasema, "aliyepaka mafuta masinia. Mama yangu alimsahau. Mimi sikumsahau."

Ukumbi ukashusha pumzi. Bi Elvi alichukua leso akafunika mdomo, mabega yakatikisika, na yale yalikuwa machozi ya haki, ya dada aliyengoja miaka thelathini. Bi Lempi alimshika mkono. Hata wanaume waliangalia sahani zao. Corinne alihisi uso umewaka moto, lakini alijikaza, akajiambia kwamba hilo limelipwa sasa, limekwisha. Akanyoosha aproni. Alikuwa wa mwisho mezani, na zamu ilikuwa yake.

"Asanteni," Brenna akasema, na akarudi kukaa kwa baba yake.

Makofi yalipigwa kwa muda mrefu. Yalipotulia, Bi Lempi ndiye aliyenong'ona kwanza, "Na anayefinya kingo je?" Vichwa vikageuka kimoja kimoja kuelekea mwisho wa meza. Bi Elvi, macho bado mekundu, alihesabu wenzake kwa kidole, akafika kwa Corinne, akasimama.

"Maskini," akasema. "Kakusahau. Mtoto wako mwenyewe."

Corinne alitazama ng'ambo ya ukumbi. Brenna alikuwa anamtazama moja kwa moja, hajaficha macho, anakula pasti yake taratibu.

"Ni woga tu," Corinne akasema. "Mbele ya watu wengi mtu husahau."

"Usijali," akasema Bi Elvi, akimpigapiga mkononi kwa upendo wote aliokuwa nao. "Tutamkumbusha."